KWA NINI MAFUTA HUPANDA BEI BAADA YA TUFANI, NA JINSI YA KUHESABU GUNIA LAKO

Wakulima wa skimu, mwezi uliopita mzee mmoja alifika kwenye dirisha la ofisi yetu akiwa ameshika kipande cha karatasi. Ilikuwa ni hesabu aliyoandikiwa na mnunuzi wa mahindi. Mzee huyo alikuwa na magunia 60 ya kuuza, na bei walikuwa wamekwisha kupatana. Lakini chini kabisa ya karatasi mnunuzi alikuwa ameandika maneno haya: "Kutoa Shs. 250 kila gunia. Mafuta yamepanda."

Mzee akaniambia, "Mwalimu, nasikia wewe ulisomea ualimu kabla ya kuletwa hapa kutunza mafaili. Basi nifundishe na mimi. Hayo mafuta yamepandia wapi, na kwa nini yakatwe katika mahindi yangu?"

Nilichukua kalamu tukapiga hesabu pamoja. Shs. 250 mara magunia 60 ni Shs. 15,000. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba fedha hizo zilikuwa karo ya mjukuu wake. Sikuweza kumjibu yote pale dirishani, maana watu wengine walikuwa wamepanga foleni nyuma yake, nami nilimwomba arudi saa nane. Somo hili ni yale tuliyozungumza saa nane, pamoja na mengine niliyoongeza baadaye. Msomaji, tafuta kalamu na karatasi uviweke karibu.

TUFANI ILIYOFUNGA VISIMA

Ili uelewe jinsi bei ya mafuta inavyopanda, nitakupeleka mbali kidogo, mpaka Marekani, mwaka wa 2005. Nimechagua mfano huo kwa sababu mambo yake yalitokea kwa siku chache na yote yakaandikwa. Tena wakulima waliguswa sana, ingawa habari zao hazikusikika kama habari za mjini.

Siku ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti, 2005, tufani kubwa iliyopewa jina la Katrina ilipiga pwani ya kusini ya Marekani, katika majimbo ya Louisiana na Mississippi. Mji wa New Orleans uko pwani hiyo, na mitaa yake mingi iko chini ya usawa wa bahari. Hulindwa kwa matuta na kuta za kuzuia maji. Kuta hizo zilipobomoka, maji yalifunika kama sehemu nane katika kumi za mji. Watu zaidi ya 1,300 walikufa kwa tufani hiyo, na zaidi ya milioni moja waliyaacha makao yao. Maskini ndio walioumia zaidi, kwa kuwa wengi wao hawakuwa na motokaa ya kukimbilia.

Sasa angalia pwani hiyo ni pwani ya namna gani. Mbele yake kuna Ghuba ya Meksiko, na ndani ya ghuba kuna majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini kwa ajili ya kuchimba mafuta na gesi. Wakati ule kiasi cha robo ya mafuta yote yaliyochimbwa Marekani yalitoka huko, karibu mapipa milioni moja na nusu kila siku. Pipa moja ni lita 159. Nchi kavu, kando ya pwani hiyo hiyo, kuna viwanda vikubwa vya kusafisha mafuta, na kutoka hapo mabomba marefu huipeleka petroli mpaka majimbo ya mashariki.

Kabla tufani haijafika, wafanyakazi wa majukwaa walirudishwa nchi kavu na visima vikafungwa. Ilipokwisha kupita, zaidi ya mapipa tisa katika kila kumi ya ghuba ile hayakuwa yakichimbwa. Viwanda kadhaa vya kusafisha mafuta vilisimama, vingine kwa sababu ya maji, vingine kwa kukosa umeme. Mabomba mawili makubwa ya petroli, Colonial na Plantation, nayo yalisimama, kwa kuwa pampu zake huendeshwa kwa umeme na umeme haukuwako. Halafu tarehe 24 Septemba, kabla watu hawajamaliza kufagia matope, tufani ya pili iitwayo Rita ikapiga karibu na mpaka wa Louisiana na Texas. Kwa tufani hizo mbili majukwaa zaidi ya 100 yaliharibika kabisa.

Hapa nataka usimame kidogo. Mafuta hayakuwa yamekwisha chini ya bahari. Yalikuwa pale pale. Kilichokatika ni njia, yaani pampu, umeme, bomba, kiwanda na bandari. Ni kama ng'ombe wako anayetoa maziwa vizuri, lakini daraja la kwenda kiwandani limechukuliwa na mto. Ng'ombe hajakauka, walakini mjini maziwa ni haba, na kwako nyumbani yanaharibika.

Wala mfano huo wa maziwa si wa kubuni. Wafugaji wa Louisiana na Mississippi walimwaga maziwa yao siku hizo, kwa sababu hapakuwa na umeme wa kuyapoza, na malori ya kuyachukua hayakufika. Mwenye jenereta alihitaji dizeli ya kuiendesha, na dizeli ndiyo iliyokuwa haipatikani. Huko Mississippi kuku walikufa kwa mamilioni.

BEI ILIPANDA KIASI GANI?

Siku ile ya tufani, petroli ya kawaida Marekani ilikuwa dola 2 na senti 61 kwa galoni, kwa wastani wa nchi nzima. Galoni yao ni kama lita 3.8, ni ndogo kuliko ile galoni ya Kiingereza ambayo wazee wetu waliizoea. Wiki moja baadaye, tarehe 5 Septemba, ilikuwa dola 3 na senti 7. Kwa hiyo ilipanda senti 46 kwa siku saba, yaani kila aliyekuwa akilipa dola moja sasa alilipa dola moja na karibu senti 18.

Mtu mwenye mshahara mkubwa hakupungukiwa na usingizi kwa senti hizo. Lakini mtu wa mshahara mdogo anayesafiri mbali kila siku kwenda kazini hana la kupunguza. Hawezi kukata nusu ya njia. Akilipa zaidi kwa petroli, atakata katika chakula au katika kodi ya nyumba. Tena wengi wa watu wa pwani ile walikuwa wamekwisha kupoteza kazi zenyewe, kwa kuwa maduka na viwanda walimofanya kazi vilikuwa ndani ya maji.

Jambo la pili lililopandisha bei ni hofu. Katika jimbo la Georgia, ambalo tufani haikulivunja kama ilivyovunja Louisiana, watu walisikia kwamba mabomba yamesimama. Siku moja tu wote wakakimbilia vituo vya petroli. Mtu aliyekuwa na nusu tangi alitaka tangi lijae, na mwenye tangi lililojaa akaleta madebe. Vituo vingine vilikaukiwa jioni hiyo, na vingine vikapandisha bei karibu mara mbili. Petroli iliyokuwa ya kutosha wiki nzima kwa matumizi ya kawaida haikutosha siku moja.

Gavana wa jimbo hilo, Sonny Perdue, alisimamisha kodi ya petroli ya jimbo kwa mwezi ule wa Septemba. Halafu tufani ya Rita ilipokuja, aliomba shule zifungwe siku mbili ili kuokoa dizeli ya mabasi ya wanafunzi. (Mimi niliyewahi kusimama mbele ya darasa naweza kukuhakikishia kwamba watoto hawakuandika barua ya malalamiko.)

Serikali ya Marekani ina ghala la mafuta lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1975. Mafuta huhifadhiwa ndani ya mapango ya chumvi yaliyo chini ya ardhi, huko Louisiana na Texas. Tarehe 2 Septemba nchi zinazoshirikiana katika mambo ya nishati zilikubaliana kutoa sokoni mapipa milioni 60, na nusu yake itoke Marekani. Nchi za Ulaya zilipakia petroli melini zikaipeleka ng'ambo ya bahari. Mabomba yalipata umeme, viwanda vikafunguliwa kimoja kimoja, na mwisho wa Novemba wastani wa bei ulikuwa umeshuka mpaka chini ya dola 2 na senti 20, yaani chini kuliko siku ya tufani. Likumbuke neno hilo, tutalirudia.

MKULIMA ALIYEKUWA MBALI NA TUFANI

Nyumbani kwetu sisi hufikiri kwamba tufani ni hasara ya wale walio pwani. Lakini fikiri juu ya mkulima wa mahindi wa Illinois au Iowa, ambaye yuko mbali sana na bahari, na ambaye siku ile hakuona hata tone la mvua ya Katrina. Mahindi yake huteremshwa kwa mto Mississippi katika matishari, yaani vyombo bapa visivyo na injini, vinavyosukumwa vingi kwa pamoja na meli ndogo. Huteremka mpaka karibu na New Orleans, na hapo nafaka hutiwa katika meli za kwenda nchi nyingine. Zaidi ya nusu ya nafaka ambayo Marekani huuza nje kwa meli ilipita mlango huo mmoja.

Tufani ilipoufunga mlango huo mwisho wa Agosti, mavuno yalikuwa yanakaribia. Matishari yalikwama, mengine yakaharibika, na nauli ya yale yaliyobaki ikapanda. Wenye maghala ya kando ya mto, wasiokuwa na pa kupeleka nafaka, wakapunguza bei waliyompa mkulima. Basi mkulima yule alipigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Dizeli ya mashine yake ya kuvunia ilipanda, na mahindi aliyoyavuna kwa dizeli hiyo yakashuka.

Halafu ikaja ya tatu, ambayo watu wengi hawakuitazamia. Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa hewa na gesi ya ardhini, na gesi ndiyo sehemu kubwa ya gharama. Visima vya gesi vya ghuba ile vilikuwa vimefungwa pamoja na vya mafuta. Gesi ikapanda, na mbolea ikapanda pamoja nayo, wakati mkulima anapojitayarishia msimu unaofuata.

Je, ni nani aliyepona kidogo? Ni mkulima mwenye ghala lake mwenyewe shambani. Huyo aliyakausha mahindi yake, akayafungia, akangoja mto ufunguliwe. Asiyekuwa na ghala aliuza kwa bei aliyopewa. Serikali yao ililiona jambo hilo, ikatoa msaada wa fedha ili nafaka ihifadhiwe au ipelekwe kwa njia nyingine.

TURUDI KWETU

Mwaka ule wa 2005 mimi nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Kijijini kwetu kulikuwa na kinu cha kusaga kilichoendeshwa kwa dizeli. Siku moja tulikuta kibao mlangoni kwamba mafuta yamepanda, na kusaga debe moja kumeongezwa Shs. 5. Baba yangu alimwita mwenye kinu mwizi, naye mwenye kinu akamwambia akasage kwa jiwe. Waligombana mbele ya watu wote. Nimefikiri sana juu ya ugomvi ule, na nadhani wote wawili walikosea kwa jambo moja: hakuna aliyeuliza lita moja ya dizeli husaga madebe mangapi. Ikiwa lita moja husaga madebe matano, na dizeli imepanda Shs. 5 kwa lita, basi kila debe limeongezeka shilingi moja, si tano. Baba hakuwa na haki ya kukataa shilingi ile moja. Mwenye kinu hakuwa na haki ya zile nne. Na mwaka ulipokwisha kibao kilikuwa bado kipo.

Wakati ule kila mwenye kituo cha petroli hapa Kenya alijiwekea bei yake. Tangu Desemba 2010 Serikali huweka bei ya juu kabisa ambayo haifai kupitwa, na siku hizi kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA. Tarehe 14 ya kila mwezi hutangazwa bei mpya za petroli, dizeli na mafuta ya taa, mji kwa mji. Andika bei ya dizeli ya mji ulio karibu nawe katika daftari lako kila mwezi. Ni kazi ya dakika moja. Mtu akikuambia kwamba mafuta yamepanda, wewe utakuwa unajua yamepanda kwa shilingi ngapi.

Mafuta yetu yote huja kwa meli mpaka Mombasa. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka wa 2013, na tangu hapo tunanunua mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kutoka Mombasa hupita katika bomba mpaka Nairobi, ambalo lilianza kazi mwaka wa 1978, kisha mpaka Nakuru, Eldoret na Kisumu, tangu 1994. Kwa kuwa tunanunua katika soko lile lile la dunia, tufani ikifunga visima vya mbali na wanunuzi wakubwa wakakimbilia meli chache zilizopo, bei ya Mombasa nayo huweza kupanda.

Lakini maafa ya hapa kwetu mara nyingi hufanya kazi kwa namna nyingine. Kumbuka mafuriko ya mwaka wa 2024, mwezi wa Machi mpaka Mei, yaliyoua watu wengi, na hasa usiku ule wa kuamkia tarehe 29 Aprili huko Mai Mahiu. Barabara na madaraja mengi yalikatika. Je, bei ya petroli ilipanda? La. Tarehe 14 Mei, 2024, bei ya petroli ya Nairobi ilipunguzwa shilingi moja. Hata hivyo lori lililolazimika kuzunguka njia ndefu lilichoma mafuta mengi zaidi. Basi usichanganye mambo haya mawili. Lita kupanda bei ni jambo moja, na lita kuwa nyingi kwa sababu ya njia mbovu ni jambo jingine.

HESABU YENYEWE

Mnunuzi wa yule mzee hutumia lori la magunia 100 ya kilo 90. Kutoka kituo chetu mpaka kinu cha unga ni kilomita 120. Tuseme lori likiwa na mzigo huenda kilomita 3 kwa lita moja, na likirudi tupu huenda kilomita 4.

Kwenda: 120 kugawanya kwa 3 ni lita 40.
Kurudi: 120 kugawanya kwa 4 ni lita 30.
Jumla ni lita 70.

Tuseme tena dizeli imepanda Shs. 20 kwa lita, ambalo ni ongezeko kubwa. Lita 70 mara Shs. 20 ni Shs. 1,400. Gawanya kwa magunia 100. Kila gunia limeongezeka Shs. 14.

Nilipomwonyesha mzee tarakimu hiyo aliniomba nirudie tangu mwanzo, akidhani nimekosea. Nilirudia, ikawa Shs. 14 vile vile. Mnunuzi alikuwa akikata Shs. 250.

Walakini yafaa tuwe na haki kwa mwenye lori. Tuseme daraja limekatika, naye anazunguka kilomita 200 badala ya 120. Zimeongezeka kilomita 80 za kwenda, ambazo ni karibu lita 27, na 80 za kurudi, ambazo ni lita 20. Jumla ni lita 47 zaidi. Na hizi hatuhesabu kwa ongezeko la Shs. 20 tu, bali kwa bei nzima ya lita, kwa sababu hapo kwanza hazikuchomwa kabisa. Tukichukua bei ya Shs. 180, lita 47 ni Shs. 8,460. Ongeza zile 1,400 za awali, unapata Shs. 9,860. Kwa kila gunia ni karibu Shs. 99. Unaona kwamba njia iliyokatika imegharimu kama mara sita ya bei iliyopanda. Hapo mwenye lori akikuomba Shs. 100, au kidogo zaidi kwa ajili ya matairi na posho ya dereva, anaomba haki yake, na si vizuri kumwita mwizi. Lakini hata hapo Shs. 250 haijafika.

Mzee aliikunja karatasi ile akaenda nayo. Hakugombana. Alimwuliza mnunuzi maswali matatu tu: lori lako linabeba magunia mangapi, linakwenda kilomita ngapi, na dizeli imepanda shilingi ngapi tangu tarehe 14? Mnunuzi alicheka, kisha akasema atatoa Shs. 40. Mzee alimwuzia magunia 25 ili alipe karo, akabaki na 35 ghalani. Shs. 40 ni nyingi kuliko 14, lakini mzee aliniambia kwamba tofauti ile ameihesabu kuwa bei ya kumaliza maneno.

MENGINE YA KUFANYA

Trekta ya kulima huweza kuchoma kama lita 10 kwa ekari moja, zaidi kidogo udongo ukiwa mgumu. Dizeli ikipanda Shs. 20, ekari imeongezeka kama Shs. 200, pamoja na safari ya kuja. Wakulima watano wenye mashamba yanayopakana wakiita trekta siku moja, safari hiyo huwa moja badala ya tano. Pikipiki yenye kwenda kilomita 40 kwa lita, ikikuchukulia gunia kilomita 10 na kurudi, inachoma nusu lita. Ongezeko lake ni Shs. 10. Ya pampu ya maji utajihesabia mwenyewe: jaza tangi, tazama saa, uone inamaliza lita moja kwa muda gani.

Mbolea ununue mapema kama una fedha, maana nayo huja kwa meli na kwa lori, na ukisikia gesi imepanda duniani, ujue mbolea iko nyuma yake. Na anayetaka kuweka mahindi angoje bei, kwanza ayakauke sawasawa mpaka unyevu usizidi sehemu 13 na nusu katika mia. Mahindi mabichi yaliyofungiwa huota ukungu wenye sumu, na hapo utakuwa umekwepa hasara ya Shs. 250 ukaangukia hasara ya gunia zima, na ya afya ya watoto.

Jambo moja nalikataza kabisa. Ukisikia kwamba petroli itaadimika, usiweke petroli nyumbani katika madebe na mitungi ya plastiki. Mvuke wake hauonekani, nao huwashwa na kibatari kilicho chumba cha pili. Na lori la mafuta likipinduka, watoe watoto wako hapo mbio. Mnakumbuka Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari, 2009. Watu zaidi ya 100 walikufa katika moto wa lori lililopinduka, na wengi wao walikuwa wamekwenda kuchota mafuta yaliyomwagika.

Na lile neno nililosema tutalirudia ni hili. Baada ya Katrina bei ya petroli ilishuka tena kwa muda wa miezi mitatu. Kwa hiyo unapokubali kukatwa kwa sababu ya mafuta, mwambie mnunuzi au mwenye kinu aandike tarehe na bei ya lita ya siku hiyo. Dizeli ikishuka, mrudie na karatasi yake. Kibao cha kijijini kwetu kingaliondolewa mapema kama kingalikuwa na tarehe.

ZOEZI

Lori hubeba magunia 70. Safari ni kilomita 90 kwenda na 90 kurudi. Likiwa na mzigo huenda kilomita 3 kwa lita, likiwa tupu kilomita 4 na nusu. Dizeli imepanda Shs. 14 kwa lita, na barabara ni nzima. Mnunuzi anataka kukata Shs. 60 kwa kila gunia.

(a) Ongezeko la haki kwa gunia moja ni shilingi ngapi?
(b) Mkulima mwenye magunia 40 atapoteza shilingi ngapi akikubali?

Jibu limo katika toleo la mwezi ujao. Asiyeweza kungoja aje dirishani baada ya saa nane, wakati foleni imepungua, na alete bei ya dizeli ya mwezi huu ikiwa imeandikwa katika daftari lake.